Tusheni za Jioni na Amana ya Mwalimu



Vijana wetu wa Kisauni na Likoni, waliosoma na wasipate kazi, watuuliza: Je, yafaa mtu kufungua tusheni barazani kwake, akasomesha watoto hisabati na Kiingereza baada ya skuli, akatoza ada? Twajibu: Yafaa, tena ni chumo safi. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, mateka waliojua kuandika na hawana mali walijikomboa kwa kusomesha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Mtume (s.a.w.) aliitia ilimu thamani, wala hakuikataa kwa kuwa yatoka kwa mshirikina.

Lakini chumo hili lina mlango wa haramu. Wako walimu wa skuli ambao asubuhi hufundisha nusu ya somo, na jioni huiuza nusu iliyobaki kwa watoto wale wale. Mtu huyu auza kitu alichokwisha kulipwa mshahara wake. Naisome Surat Al-Mutaffifin, asidhani kuwa wapunjao ni wauza nafaka peke yao! Na mtoto wa mjane, asiye na ada, yu pale darasani angojea nusu ambayo haitakuja.

Jambo la pili ni saa. Baada ya Alasiri ni wakati wa chuo cha Kurani. Afunguaye tusheni saa hiyo amemnyang'anya maalim wanafunzi wake, na wazazi wengine (twasema kwa masikitiko) hufurahi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipofungua Madrasa ya Al-Ghazali mjini Mombasa katika miaka ya 1930, hakuzigombanisha ilimu ya dini na ya dunia. Basi kijana nakae na maalim wapatane siku, au asomeshe baada ya Magharibi, saa moja tu. Mtoto wa Likoni asomaye kisiwani amekwisha choka kwa kungoja feri.

Wakati wa likizo wajihadhari: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza wanafunzi kutiwa tusheni za likizo, na adhabu yafika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya shilingi 100,000.

Ada naitajwe wazi siku ya kwanza, na yatima wapewe nafasi bila ya kutangazwa mbele ya wenzao. Na mwalimu aliyepokea ada ya mwezi kisha akakosa siku, nazilipe siku hizo kwa kusomesha, au arudishe fedha za watu.