Je, Mwili Ndio Uitawalao Nafsi?



Miongoni mwa maswali yanayowasumbua watu wanaoitafuta dini ya kweli katika zama hizi za elimu, mojawapo ni hili: Wataalamu wametuonyesha kwamba furaha, huzuni, hasira na hata fikira zetu zinafungamana na damu, tezi na ubongo. Ikiwa ndivyo, dhambi iko wapi, na thawabu iko wapi? Je, mtu aliyemtusi jirani yake hatasema, "Si mimi, ni mwili wangu"?

Swali hili si la mchezo. Tukikosea upande mmoja, tutamwadhibu mgonjwa kama mkosaji. Tukikosea upande wa pili, tutamwachilia mkosaji kana kwamba ni mgonjwa. Basi tulitazame kwa insafu, na mifano yake tuichukue si katika nchi za mbali, bali katika Same na milima ya Upare.

Nyanda zilizo chini ya milima ya Upare ya Kusini zilijulikana tangu zamani kwa homa ya malaria. Vijidudu vya ugonjwa huu huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzivunja. Damu ikipungua, viungo havipati oksijeni ya kutosha. Mtoto wa namna hii husinzia darasani, hukosa hamu ya kucheza, na husahau alichofundishwa jana. Naye asiyejua humwita mvivu. Na malaria ikiwa kali, chembe zenye vijidudu hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Hapo mgonjwa huweweseka, hupatwa na degedege, na pengine asimtambue hata mama yake mzazi. Ni wagonjwa wangapi waliosemwa kuwa wamepagawa na pepo, wakapungwa, ilhali walichohitaji ni dawa!

Kati ya mwaka 1955 na 1959 ulifanyika mpango mkubwa uliojulikana kwa jina la Pare-Taveta, ukiongozwa na wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Nyumba za upande wa Upare, na za Taveta upande wa Kenya, zilipulizwa dawa ya dieldrini. Mbu wakapungua, vifo vya watoto wachanga vikapungua, na damu ya watu ikaongezeka. Damu hiyo haikuongezwa kwa kukemea wala kwa kiboko. Iliongezeka kwa kuondolewa mbu.

Je, dini ya Islam inaukana ukweli huu? La, hasha! Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka arudiwe na akili. Mgonjwa naye ameruhusiwa na Kurani Tukufu kuacha kufunga na kulipa siku nyingine. Basi sheria ya Mwenyezi Mungu haimdai mtu asichonacho.

Lakini, ndugu msomaji, usiishie hapo. Panda sasa kutoka nyanda zile hadi vijiji vya juu vya wilaya hiyo hiyo ya Same, ambako umepandwa mmea uitwao mirungi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inauhesabu kuwa dawa ya kulevya, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba yake huko. Majani yake mabichi yana kemikali iitwayo kathinoni. Mtu akiyatafuna, kemikali hiyo huuchochea ubongo kumwaga dopamini kwa wingi. Ulimi hufunguka, njaa hutoweka, usingizi hukimbia, na mtu hujiona hodari na rafiki wa kila mtu. Saa kadhaa zikipita, furaha ile huondoka, na mahali pake huja unyonge, hasira za upesi na usiku usio na usingizi.

Mtoto mwenye malaria na kijana mtafuna mirungi wote wawili wamebadilishwa fikira na kitu kilichomo mwilini. Mbona basi hatuwahukumu sawasawa? Ni kwa sababu mtoto hakumwalika mbu, lakini kijana aliunyosha mkono wake mwenyewe. Hasira yake ya asubuhi pengine hana tena nguvu ya kuizuia. Ila alikuwa na nguvu jana jioni, kabla ya jani la kwanza. Na hata yeye, tabia hii ikiwa imekwisha mshika, anahitaji tiba na msaada pamoja na nasaha, kumdharau hakumponyi.

Hapa ndipo siri ya jambo hili ilipo. Wazee wa Upare walijenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya mlimani huteremka, na hakuna mkulima awezaye kuyaamuru yapande. Lakini usiku huyazuia katika ndiva, na asubuhi huyafungulia yapite katika mfereji mpaka shambani. Hakuufuta mteremko, bali aliutumia. Mwili wetu ndio mteremko ule, na hiari yetu ndiyo ndiva. Anayengoja mpaka mafuriko yamfikie mlangoni ndipo ajenge bwawa, amechelewa.

Tazama jinsi Mtukufu Mtume s.a.w. alivyofundisha kwa kufuata kanuni hiyo hiyo. Mwenye hasira akiwa amesimama, aliagizwa aketi. Isipomtoka, alale chini. Kadhi alikatazwa kuhukumu kati ya watu wawili hali amekasirika. Angalia hekima iliyomo! Hakuambiwa kadhi kwamba mtu mwema hapatwi na hasira. Aliambiwa ajue kwamba hasira huharibu hukumu, hivyo aiweke hukumu kando mpaka itulie.

Na Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza kwamba hali za mwili huigusa roho, na za roho huugusa mwili. Mtu akijilazimisha kulia, moyo wake nao huingiwa na huzuni. Na mwili ukisujudu, roho nayo hujifunza unyenyekevu. Alieleza pia daraja tatu zitajwazo na Kurani Tukufu: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotulia. Hasira, njaa na matamanio si dhambi kwa asili yake. Ni maumbile, nayo huwa akhlaki pale tu yanapotumiwa mahali pake na kwa wakati wake, chini ya uongozi wa akili.

Ukiuliza kama jambo hili lawezekana kwa watu wa kawaida, kumbuka mwezi wa Januari 1945. Maelfu ya wanaume wa Kipare waliteremka mpaka Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru, wakakaa huko wakiwa mbali na nyumba na mashamba yao. Hapana shaka miili yao ilihisi njaa na uchovu, na damu zao zilichemka kwa kuonewa. Lakini hawakuichoma boma. Walikaa, wakangoja, na wanawake wao nao wakaingia katika madai hayo, mpaka hatimaye kodi ile ikaondolewa. Hasira ilikuwamo, ila ilipitishwa katika mfereji.

Basi, ndugu msomaji, chukua mambo mawili kutoka katika makala haya. Unapomtazama mwenzako aliye mzito, mwenye huzuni au mwenye maneno ya ajabu, anza kwa kumwonea huruma na kumpeleka hospitali kabla ya kumhukumu, kwani huijui damu yake. Lakini unapojitazama mwenyewe, jihesabu kwa ukali zaidi: uliza ulilala saa ngapi, ulikula nini, ulikaa na nani, na sala ipi uliikosa kabla hujaropoka. Watu wengi hufanya kinyume. Hujisamehe wenyewe kwa sababu ya mwili, na kuwalaumu wengine kwa sababu ya roho.

Mwenyezi Mungu atuponye magonjwa yetu ya mwili na ya nafsi, na atujalie nafsi zilizotulia. Amin.