Mrithi Katika Kiti cha Hakimu

Mwenye kusoma mirathi hufunzwa mapema kwamba muuaji hamrithi aliyemuua. Tamaa imezibiwa njia. Je, anayepiga kura ya kumwondoa mtawala naye azuiwe, ikiwa kiti kitamwangukia yeye?

Mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimshitaki Rais Andrew Johnson kwa kumfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Kushitakiwa si kuondolewa: hukumu ni ya Seneti, kwa theluthi mbili. Rais ahukumiwapo, Jaji Mkuu ndiye aongozaye shauri, maana Makamu, mwongozaji wa kawaida, ndiye mrithi. Mlango ulifungwa, dirisha likasahauliwa. Johnson hakuwa na makamu. Yeye mwenyewe alikuwa makamu aliyepanda baada ya Lincoln kuuawa. Mrithi akawa Benjamin Wade, kiongozi wa muda wa Seneti.

Wade alipotaka kuapa, Seneta Hendricks alipinga. Akajibiwa kwamba Ohio ina haki ya kura zake mbili. Tena mbona Patterson, mkwe wa Johnson, kaapa? Pingamizi likaondolewa. Wade akasema ana hatia, mkwe akasema hana. Zikawa 35 kwa 19, ikapungua moja.

Waondoe wote wawili: 34 kwa 18, bado inapungua moja. Basi hapakuwa na dhara? Simkubalii asemaye hivyo. Mkwe alichunga ujamaa, na namsamehe nusu. Ohio, kwa Wade kunyamaza, ingepoteza kura moja tu. Yeye kwa kusema alikuwa anapata nchi nzima.