Aliyenunua Tiketi Hakuuza Siri Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 

Limezuka jambo katika miji yetu ambalo limezoeleka hata watu hawalishangai tena. Jamaa hukutana wakapanga karamu ya kuchangia madrasa, au muhadhara wa kulipia, kisha wakauza tiketi. Mnunuzi aliyekuja na fedha zake mkononi hupewa daftari, au fomu ya kujaza katika simu, akaulizwa jina lake na la babake, namba ya kitambulisho, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, mtaa akaao na kazi aifanyayo. Ukiwauliza wenye shughuli, "Haya yote ni ya nini?" watakujibu, "Huenda yakatufaa mbele." Jawabu hili ndilo tutakalolitazama leo, kwani ndani yake mna dhulma iliyojificha.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.), katika Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, ameamrisha deni la muda liandikwe na mashahidi wawekwe. Lakini katika aya iyo hiyo ametoa ruhusa: biashara ya mkono kwa mkono si dhambi kutoiandika. Izingatieni hekima hii. Deni huandikwa kwa sababu iko haki iliyosalia baina ya watu wawili, na haki hiyo yaweza kupotea. Ama kilicholipwa na kupokewa papo hapo, hakuna kilichosalia cha kulindwa kwa kalamu. Hapa ndipo tupatapo kipimo: andika kwa kadiri ya haki iliyosalia, wala usizidishe.

Basi na tuipime tiketi kwa kipimo hiki. Anunuaye mlangoni kwa fedha taslimu akaingia, haki yake ni kiti, na kiti chalindwa na namba iliyopigwa chapa juu ya tiketi. Jina lake halina haja. Anunuaye kwa simu siku kumi kabla, hapo imesalia haki: apelekewe tiketi yake, na shughuli ikivunjika arudishiwe fedha zake. Namba ya simu na jina la kumwitia vyatosha. Asafiriye kwa gari la moshi la Mombasa na Nairobi, lililoanza mwaka 2017, huulizwa namba ya kitambulisho. Safari ni jambo jengine, kwani abiria akifikwa na ajali jamaa zake wana haki ya kujulishwa. Karamu si safari.

Watasema baadhi ya watu, "Twauliza kwa ajili ya usalama." Twajibu: usalama wa ukumbi hulindwa na bawabu mlangoni, na kwa kujua hesabu ya walioingia ili wasizidi nafasi iliyopo. Tarehe ya kuzaliwa ya mama wa watu haimzuii mwizi. Wengine watasema, "Twataka kuwaalika tena mwakani." Hilo ni jema, lakini ni ombi lililo mbali na biashara. Na liulizwe mbali, na asemaye "la" apewe tiketi yake kwa bashasha ile ile. Je, hatukufunzwa katika Suratun Nur kwamba tukipiga hodi tukaambiwa turudi, turudi? Fomu nayo ni mlango wa nyumba ya mtu.

Wala madhara haya si ya kudhani. Daftari huachwa wazi mezani, kila aandikaye akawasoma waliomtangulia. Namba ya simu ya binti wa watu hunakiliwa na asiyemhusu, na usiku ule ule akaanza kusumbuliwa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila ya idhini yao. Majina na namba za vitambulisho vikishatoka mkononi, mwenyewe hana njia ya kuvirudisha.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtu akikwambia neno kisha akageuka kutazama huku na huku, neno hilo ni amana. Ikiwa neno moja la mdomo ni amana, itakuwaje orodha ya watu 300?

Hata sheria ya nchi yasema haya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyojengwa juu ya kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, yataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyotajwa wazi, ziwe kadiri ya haja, na zisiwekwe kupita haja hiyo. Ni aibu kwetu tungoje kukumbushwa na serikali jambo ambalo Kitabu chetu kilitufunza tangu zamani.

Basi, enyi wenye kamati, kabla ya kuchapa fomu pitieni kila swali mkajiulize: nisipouliza hili, ni haki gani ya mnunuzi itakayopotea? Ikiwa hakuna, lifuteni. Yatakayobaki na awekewe mtu mmoja mwaminifu. Shughuli ikisha, na wanaodai wakalipwa, karatasi zichomwe na yaliyomo simuni yafutwe. Nawe mnunuzi, usione haya kuuliza kwa adabu, "Hili ni la nini?" Ulichokuja kununua ni kiti, na thamani yake umekwisha kuilipa.

Wa billahi ttawfiq.