Kosa la Ulimi

Kosa la lugha huudhi sikio lililozoea usahihi, lakini maudhi si hati ya kumdharau aliyekosa. Katika Makanyagio, kata ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, Kiswahili hukutana na Kibende, Kipimbwe, Kifipa na Kisukuma. Huko, kama kwingineko nchini, mtu aweza kusema "kula" akikusudia "kura", au "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu". Kosa la kwanza laweza kupotosha maana. La pili hukwaruza sikio tu, na maana hubaki nzima.

Tena usahihi wenyewe ni mapatano ya watu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Msemaji wa Kimvita hakupungukiwa akili siku ile. Kipimo ndicho kilichowekwa mahali pengine.

Kusahihisha ni wajibu wa ajuaye, kwani lugha isiyotunzwa huchakaa. Kucheka ni jambo jingine. Asahihishwaye kwa upole huondoka na neno jipya. Achekwaye barazani hunyamaza, na pengine ndiye aliyekuwa na shauri jema kuliko wote. Sarufi hupima maneno ya mtu. Haipimi utu wake.