Mzigo Uliochaguliwa na Mzigo Uliotwikwa



Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo twauona, lakini uzito wake hatuuoni. Na kwa kuwa shingo inayouma si yetu, twaukadiria kuwa mwepesi. Safari hii tunapenda kuitazama methali hiyo kwa jambo lionekanalo kila siku katika barabara zetu, nalo ni baiskeli mlimani.

Sisi wa Mwanza twajiona watu wa ufukoni, lakini ziwa letu lenyewe liko juu, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Na mtu akienda magharibi, akapita Geita na Biharamulo hadi Nyakanazi, kisha akakata kusini kuelekea Kibondo na Kasulu, nchi huzidi kuinuka. Huko ni nyanda za juu zenye miombo, na kati ya kijiji na kijiji kuna mwendo mrefu wa miti mitupu. Kwa miaka mingi barabara ile ilikuwa ya udongo: wakati wa kiangazi vumbi jekundu, wakati wa mvua utelezi. Wako wageni wa kutoka Ulaya walioipita kwa baiskeli, mifuko imefungwa mbele na nyuma, wakisafiri kwa hiari yao na kwa furaha. Na katika barabara za namna ile hupita pia mwenyeji, mwenye baiskeli isiyo na gia, magunia ya mkaa yamekazwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kilima kikizidi, wote wawili hushuka na kusukuma.

Je, watu hawa wawili wanafanya jambo moja?

Mtu aweza kujibu kwamba ndiyo. Kilima hakimwulizi mtu ametoka wapi. Jasho ni jasho, na miguu yote huchoka. Lakini jibu hilo halitoshi. Yule mgeni akishindwa, atasimamisha lori, atapandisha baiskeli yake juu, na jioni atakuwa anaoga mahali. Akisimulia kwao, watu watamsifu kwa ushujaa. Mwenye mkaa akishindwa, watoto watalala bila kula. Akifika salama, hakuna amsifuye. Mnunuzi humwambia tu kwamba gunia halikujaa. Basi tofauti yao haiko katika kilima wala katika miguu. Iko katika mlango wa kutokea: mmoja anao, mwingine hana.

Kama ni hivyo, je, taabu ya kujichagulia ni mchezo tu? Hapa tunakumbuka jambo lililotokea katika barabara yetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio lile, akaja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Alikuwa Rais wa nchi. Gari alikuwa nalo, na wakati wowote angeweza kupanda. Mtu mwenye ulimi mkali angeweza kusema kwamba Rais alikuwa anaigiza umaskini kwa siku chache tu.

Sisi hatusemi hivyo. Kutembea kule hakukumfanya maskini, wala yeye hakudai kwamba kumemfanya. Lakini mtu aendaye kwa miguu au kwa baiskeli hupimwa na ardhi. Hujua kisima kiko mbali kiasi gani, hujua daraja lipi limevunjika, na hulazimika kujibu salamu. Mwenye gari hupandisha kioo, na yote hayo humpita. Kwa hiyo taabu ya kujichagulia yaweza kuwa na faida, ila faida yake hupimwa kwa yale yafuatayo. Aliyepita kwa baiskeli akafika kwake na picha nzuri tu, amefanya mazoezi ya mwili. Aliyepita akajifunza kuwaona watu, na baadaye akatenda kwa sababu amewaona, huyo amesafiri kweli.

Sasa tugeuke tumtazame yule mwingine, maana juu yake twafanya kosa baya zaidi. Neno letu juu yake ni moja: “Amezoea.” Mama apandaye mlima na ndoo ya samaki kichwani, amezoea. Kijana atokaye porini usiku na mkaa, amezoea. Neno hili hufanana na sifa, lakini kazi yake ni kutuondolea wajibu. Tukisema mtu amezoea, maana yake tumekwisha kukata shauri kwamba hatahitaji msaada.

Tufikirie mwaka 1994, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, wakimbizi wa kutoka Rwanda walipovuka mto Kagera hapo Rusumo na kuingia Ngara. Kwa muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao 250,000. Walipanda vilima vile vile ambavyo msafiri mwenye kamera huviita vizuri, wamebeba magodoro, masufuria na watoto. Hakuna hata mmoja wetu angethubutu kusema kwamba watu wale wamezoea. Mbona basi twalisema neno hilo kwa urahisi juu ya jirani?

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba taabu humjenga mtu. Tujaribu dai hilo kwa mfano wa karibu. Miaka mingi watu wa Kigongo na Busisi walingojea kivuko, wenye magari, wenye baiskeli na wenye wagonjwa pamoja, na walisemwa kwamba wamezoea. Mwezi wa Juni 2025 daraja likafunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Hatujamsikia mtu ye yote akililia foleni ya kivuko kwamba ilikuwa ikimjenga. Mzigo uliotwikwa, ukiondolewa, hausikitikiwi. Uvumilivu wa aliyeubeba ni wa kuheshimiwa. Mzigo wenyewe haustahili sifa.

Hata hivyo tusiwagawe watu katika makapu mawili, huku walio huru, huku waliofungwa. Alikuwako Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, aliyeizunguka Afrika kati ya mwaka 1931 na 1936, sehemu kubwa kwa baiskeli kuukuu, mahali pengine kwa miguu, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Alipita Uganda, Kongo na Rwanda. Alipenda kusafiri, lakini pia nyumbani alikuwa na mke na watoto wawili, na kazi ilikuwa adimu, hivyo alituma picha na makala kwenye magazeti apate kuwalisha. Alirudi amedhoofishwa na malaria, akafa mwaka 1937. Je, mzigo wake ulichaguliwa au ulitwikwa? Vyote viwili.

Na mwenye mkaa wetu vivyo hivyo. Tusimfanye kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Yeye naye hufurahia mteremko, upepo ukimpiga kifuani. Huisifu baiskeli yake, huipamba, huifahamu kuliko fundi. Katika mashindano ya baiskeli hapa Usukumani, tumeona vijana waliojifunza kuendesha chini ya mizigo wakishangiliwa na umati. Kumnyima mtu furaha yake kwa sababu ni maskini ni dharau nyingine, yenye sura ya upole.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuliache neno “amezoea.” Mahali pake tuulize, “Pole na safari, mzigo huo ni wa kilo ngapi, na umetoka wapi?” Pili, tulio na magari tusimpigie honi mwenye baiskeli hata akaangukia mtaroni, lami si ya magurudumu manne peke yake. Tatu, bei ya mkaa, ya maziwa au ya dagaa tusiibane hadi senti ya mwisho, maana kilima hakikuingizwa katika hesabu yetu. Nne, hapa parokiani yuko katekista aendaye mitaa ya mbali kwa baiskeli yenye tairi lililokwisha. Kila mwaka twamshukuru kwa kupiga makofi. Tairi halinunuliwi kwa makofi.

Na mwenye nguvu na nafasi, achague mara moja moja kwenda kwa miguu au kwa baiskeli hadi mtaa wa mbali kuliko yote. Asiende ili asifiwe, wala asidhani kwamba amekuwa kama wao. Aende apate kujua kanda lile la usufi lina kilo ngapi, kisha arudi aseme barazani, mbele ya wenye uwezo wa kulipunguza.