Alijitakia Mwenyewe

Habari za msichana anayelia kutoka nyumba fulani ya Riyadh au Jeddah, akiomba arudishwe Kenya, zikifika mtaani, hukumu haichelewi. "Kwani nani alimtuma? Si alijitakia mwenyewe?" Hutolewa vibarazani Kisauni, Mombasa, hutolewa ndani ya matatu Nairobi, na wanaoitoa si watu wabaya. Wengine wametoka kuswali au kusali muda huo huo. Kwao jambo ni jepesi: alitia sahihi, akapanda ndege kwa miguu yake, basi yaliyompata huko ni yake.

Hesabu ya safari yenyewe haina utata mwingi. Mkataba wa kawaida wa kazi za ndani Saudia ni wa miaka miwili, mshahara kama riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi 31,000 hadi 34,000 hivi. Nyumbani, kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani Nairobi, Mombasa na Kisumu kilipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,000 na ushee, na kila mtu anawajua mabosi wasiotoa hata nusu ya hizo. Kule Saudia mfanyakazi analala na kula kwa mwajiri, kwa hiyo kinachobaki kinaweza kutumwa. Ndiyo maana Saudia imepanda hadi kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa fedha zinazoingia Kenya kutoka ughaibuni. Mwaka 2024 fedha hizo, kutoka pande zote za dunia, zilipita dola bilioni 4.9, zikaiacha chai mbali.

Ila benchi la ofisi ya ajenti wa kazi za nje halikaliwi na hesabu. Kuna mama wa watoto watatu ambaye baba yao aliacha kutuma hata unga. Pembeni yake yupo aliyemaliza kidato cha nne akangoja kazi mpaka akachoka kuulizwa na shangazi zake anangoja nini. Yupo anayemkimbia mume mwenye mkono mwepesi, ingawa kwa ajenti atasema anatafuta karo. Mwislamu kutoka Kwale huenda akaongeza kwamba Jeddah na Makka ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, na Mungu akijalia atafanya umra. Na yupo, mara nyingi mdogo kuliko wote, anayetaka tu kuona dunia. Huyu husemwa sana, kana kwamba kutaka kuona dunia ni haki ya wenye pesa.

Je, hawa wamechagua? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitoa mfano ambao mtu wa pwani haelezwi mara mbili. Chombo kimepigwa na dhoruba, nahodha anatupa shehena baharini. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa mali yake kwa kupenda. Hata hivyo mikono iliyoitupa ni ya nahodha, na uamuzi ni wake. Aristotle aliona kwamba vitendo vya namna hii vimechanganyika, ila akaviweka karibu zaidi na hiari kuliko kulazimishwa. Kwa kipimo hicho mama wa watoto watatu amechagua, na kumwita mtumwa aliyeburutwa ni kumvunjia heshima. Anajua anachokitupa: miaka miwili ya utoto wa mwanawe wa mwisho.

Lakini dhoruba ya nahodha huisha. Swali la mtaani linahusu kinachofuata, na hapo mwanafalsafa wa siku hizi, Serena Olsaretti, anafaa zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 anawaza miji miwili. Wa kwanza umezungukwa na jangwa: mkazi yuko huru kuondoka, ila akiondoka atakufa kwa kiu, basi anabaki. Wa pili umezungushiwa waya wa umeme, hakuna anayeweza kutoka, lakini mkazi wake anaupenda na asingetoka hata waya ukiondolewa. Olsaretti anasema wa pili anabaki kwa hiari japo hana uhuru wa kuondoka, na wa kwanza ana uhuru huo lakini habaki kwa hiari. Hiari na uhuru si kitu kimoja. Msichana wa Riyadh anaweza kuwa alitoka Kenya kwa hiari kabisa, akafika mahali ambapo waya na jangwa vimekutana.

Waya wenyewe unajulikana. Chini ya utaratibu wa kafala, iqama yake, yaani kibali chake cha kukaa, imefungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri amelipa ada ya ajenti, viza na tikiti, na baadhi hujiona wamenunua mtu badala ya kukodi kazi. Mara nyingi pasipoti huishia kabatini mwa madam. Akitoroka, mwajiri anaweza kumripoti kuwa mtoro, na tangu hapo yeye ndiye mkosaji mbele ya sheria. Wafanyakazi wenyewe huiita taarifa hiyo hurubu, na huitamka kwa hofu.

Vitabu vitakatifu, ambavyo wenye hukumu ya kibarazani hudai kuvifuata, vinawajua sana watu waliofanya kazi ugenini. Nabii Musa alikimbilia Madyan akiwa na kosa la kuua nyuma yake, akaajiriwa na mzee wa huko. Katika Qurani masharti yanatajwa waziwazi: miaka minane, na akipenda kumi, mwajiri akiahidi kutomtaabisha, na Musa akisisitiza kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asidhulumiwe. Yaani mfanyakazi ndiye aliyeshika ufunguo wa siku ya mwisho. Yakobo wa kitabu cha Mwanzo hakubahatika hivyo. Alimtumikia mjomba wake Labani miaka ishirini, mshahara wake ukabadilishwa mara kumi, na alipoondoka kwa siri Labani alimfuata mwendo wa siku saba. Labani angekuwa hai leo angeripoti hurubu asubuhi ile ile. Na katika simulizi yote, Mungu hamwambii Yakobo kwamba alijitakia. Anamwambia ameona anavyotendewa.

Mombasa yenyewe ina sababu ya kuukumbuka ugeni wa namna hiyo. Kwa vizazi vingi riziki ilisafiri upande wa pili: Wahadhrami, ambao pwani iliwaita Washihiri, walishuka majahazini na upepo wa kaskazi wakabeba maji, wakapakua mizigo bandarini, wakauza kahawa chungu, na kutuma fedha kwao Hadhramaut, kusini mwa Uarabuni. Vita Kuu ya Pili ilipokata fedha ambazo Wahadhrami wengine walizituma kutoka Java, ukame nao ukaingia, watu wa Hadhramaut walikufa kwa njaa. Pwani haikuwauliza Washihiri kama wamejitakia.

Serikali ya Kenya nayo ilijaribu dawa nyingine: kuwazuia wasichana hawa wasiende kabisa. Mwaka 2014 ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa ndani Mashariki ya Kati, na marufuku hayo yaliondolewa 2017. Katikati, baadhi ya wenye nia walipitia Uganda, bila mkataba uliosajiliwa Kenya. Kumzuia mtu mwenye milango miwili asitumie mmoja hakumwongezei hiari.

Saudia imeanza kuusogeza ule waya. Mageuzi ya mwaka 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi kubadili mwajiri, yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Kanuni zao mpya, zilizoanza kutumika 2024, zinaweka kikomo cha saa za kazi, zinatoa siku ya mapumziko na kumkataza mwajiri kushikilia pasipoti. Tatizo ni mahali pa kazi. Mkaguzi anaweza kuingia kwenye jengo linalojengwa akahesabu kofia za usalama, lakini jiko la nyumba ya mtu halikaguliwi hivyo. Mlalamikaji anabaki kuitegemea simu yake, kama hajanyang'anywa, na mtu wa nyumbani atakayeipokea bila kuanza kwa kumuuliza nani alimtuma.