Sala ya Kufunga Mkutano

Wapendwa, nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamia hapa Hasamba, nilialikwa kwenye mkutano wa watumia maji katika kijiji ambacho sitakitaja. Pampu ilikuwa imekufa kwa miezi minne. Mama mmoja mjane, dumu lake tupu likiwa miguuni pake, alisimama akauliza: "Hela tulizokuwa tunatoa kwa kila ndoo ziko wapi?" Kukawa kimya. Mwenyekiti hakumjibu. Aligeuka kwangu akasema muda umekwenda, basi Baba Mchungaji atufungie kwa sala. Nikasimama, nikaomba amani na umoja, watu wakaitikia Amina, wakatawanyika. Swali la yule mama lilizikwa pale pale, na aliyelizika ni mimi.

Tangu siku ile nimejiuliza: je, Mkristo anayedai hesabu kwa viongozi wake anavunja heshima? Wengi wetu tumelelewa kuamini hivyo. Tukibanwa, tunakimbilia Warumi 13. Lakini Paulo yuleyule aliyeandika sura ile, alipokusanya mchango wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba wapo ndugu walioteuliwa na makanisa kufuatana naye, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu. Kama mtume hakuona aibu kutembea na mashahidi, mtunza hazina wa kilula anaonewa nini akiombwa daftari?

Samweli alikwenda mbali zaidi. Hakuna aliyemtuhumu. Mzee mwenye mvi, anaachia uongozi, anasimama mbele ya taifa lote na mfalme wao mpya, anauliza mwenyewe amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, na rushwa mkononi mwa nani, naye yuko tayari kurudisha. Hakufunga mkutano kwa sala kwanza.

Sisi Walutheri tuna habari yetu ambayo hatuisimulii vya kutosha. Mwaka 1523 watu wa mji mdogo wa Leisnig, Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja la kuwatunza maskini, na Martin Luther akaandika dibaji ya utaratibu wao. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilikaa kwa makundi manne: wakuu, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini. Mkulima naye alikuwa na ufunguo! Nikiri kwamba mpango wenyewe ulisumbua, maana baraza la mji lilisita kukabidhi mali. Mabaraza hayakuanza leo.

Luther huyohuyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anaiweka serikali njema ndani ya mkate huo, pamoja na chakula na kinywaji. Kwa hiyo kila tunapoisali Sala ya Bwana, tunaomba na daftari safi la maji.

Wapo wanaosema maji ni zawadi ya Mungu, basi yasiuzwe. Nawaelewa. Mwaka 1971 Serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini, na wazee wengi wanakumbuka maji yasiyolipiwa. Sera ya mwaka 1991 ilileta uchangiaji, na Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA inaviachia vyombo vya jamii kazi ya kuendesha miradi. Mvua ni zawadi, lakini bomba, dizeli na fundi si mvua. Bei ikiwa chini mno, pampu inakufa, na maskini anaishia kununua dumu kwa mwenye bodaboda kwa bei ya juu kuliko ile tuliyomhurumia.

Hata hivyo hesabu ya ndoo inaumiza. Tuseme ndoo ya lita 20 inauzwa shilingi 50. Lita 1,000 ni ndoo 50, yaani shilingi 2,500, na mama amezibeba zote kichwani. Je, jirani mwenye mita nyumbani analipa zaidi yake au pungufu? Hilo ndilo swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila miezi mitatu, tena mapato na matumizi husomwa. Nimegundua kwamba watu wengi hawagomei bei. Wanagomea kulipa gizani. Wakisomewa kwamba fedha ya mwezi ilinunua vali na kumlipa fundi, wanalipa, hata wakinung'unika.

Sasa nasi tumejaribiwa. Usharika wetu una tenki, na majirani huchota kwa senti kidogo. Mwaka huu niliomba hesabu yake isomwe mbele ya mkutano wa usharika. Kijana mmoja wa kwaya akauliza kuhusu shilingi 18,000 zilizoandikwa "mengineyo". Mtunza hazina, mzee ninayemheshimu sana, alinitazama. Nilijua anachongoja: saa ilikuwa imekwenda, na mimi ndiye wa kufunga.

Nilimwomba akatafute risiti. Alikwenda nyumbani kwa miguu, sisi tukakaa tukimngoja karibu nusu saa. Ilikuwa ya koki mbili na gundi ya bomba. Kijana akasema ahsante mzee, akaketi. Ndipo tukasali.